Babu alikuwa mkomunisti, ameacha maboksi saba darini: tuchome, tuuze au tuyapeleke wapi?

Swali: "Mimi ni Mkenya, kwetu Malindi, nimeolewa huku Uingereza kwenye mji mdogo nje ya Manchester. Mama mkwe ametutoka mwezi wa pili na sasa nyumba inauzwa. Darini tumekuta maboksi saba ya baba yake, yaani babu wa mume wangu, aliyefariki 1988. Kumbe alikuwa katibu wa tawi la chama cha kikomunisti, sisi tulijua ni fundi mitambo wa kiwandani tu, mama mkwe hakuwahi kulitaja. Kuna kadi za chama zenye stempu za ada, ya mwisho ni ya 1956 na stempu zinaishia Oktoba. Kuna daftari la mihtasari ya vikao vya tawi, kurasa za mwisho wa 1939 zimekatwa kwa wembe. Kuna beji, magazeti, vijitabu, vipeperushi vya 1953 kuhusu Kenya, na furushi la barua za mwanamke ambaye si bibi. Wifi anasema huenda babu alikuwa jasusi, anataka barua zichomwe, beji na kadi ziuzwe mtandaoni. Mume wangu kanyamaza. Mimi roho inakataa kuchoma, hasa nikiona hayo ya Kenya. Tufanyeje? Na je, serikali ina faili lake?"

Pole sana dada kwa msiba wa mama mkwe, na pole na huo mzigo wa darini maana msiba ukiisha ndo vitu vinaanza kuongea. Nimefanya kazi kwenye hifadhi za nyaraka miaka mingi na swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu limebeba maswali kama matano hivi na kila moja lina jibu lake. Ila kabla ya yote naomba kitu kimoja, leo hii usimruhusu mtu yeyote kupanga hayo maboksi. Si kuchoma tu, hata kupanga. Nitakwambia kwa nini mbele kidogo.

Tuanze na hofu kubwa ya wifi, ya ujasusi, maana ndo inayowafanya watu wachome. Chama cha Kikomunisti cha Uingereza kilianzishwa London mwaka 1920 na kikajivunja chenyewe 1991, na katika miaka yote hiyo 71 hakikuwahi kupigwa marufuku. Gazeti lake, Daily Worker, ndilo lilifungiwa na serikali kuanzia Januari 1941 hadi Septemba 1942, lakini chama chenyewe kilikuwa halali, kina ofisi yake wazi mtaa wa King Street pale Covent Garden, kinasimamisha wagombea, na kiliwahi kupata wabunge pia. Shapurji Saklatvala, Mhindi wa Bombay kutoka ukoo wa akina Tata, wale matajiri wa viwanda, alishinda jimbo la Battersea North miaka ya 20, William Gallacher akakaa bungeni kwa jimbo la West Fife tangu 1935 hadi 1950, Phil Piratin akashinda jimbo la Mile End 1945. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto na Urusi ikiwa rafiki wa Uingereza, wanachama walifika kama 56,000. Sasa hebu niambie, majasusi 56,000 wangekuwa wanapeleleza nini?

Majasusi walikuwepo, sitakuficha. Percy Glading alifungwa 1938 kwa mambo ya siri za kiwanda cha silaha cha Woolwich, Douglas Springhall akafungwa 1943, na 1999 ikajulikana kwamba bibi wa miaka 87 wa pale Bexleyheath, Melita Norwood, alikuwa akipeleka siri za atomiki Moscow kwa miongo mingi huku akitengeneza jemu yake nyumbani. Lakini hao walikuwa wachache, na mtu aliyechaguliwa kwa kazi hiyo kwa kawaida aliambiwa ajitenge na chama, arudishe kadi, asionekane mikutanoni. Katibu wa tawi anayesimama getini mwa kiwanda kila Ijumaa akiuza gazeti huku meneja anamwona ni jasusi wa ajabu sana. Babu yenu kwa hayo uliyoyataja alikuwa mtu wa kukusanya ada, kuitisha kikao, kugawa vipeperushi na kubishana na wenzake kwenye chama cha wafanyakazi. Wale mliokulia Tanzania au wenye wajomba huko mtamwelewa haraka, ni kama yule mzee wa tawi mwenye daftari na mhuri ambaye mtaa mzima unamjua na kadi yake ya TANU iko ndani ya sanduku mpaka leo.

Sasa kwa nini mama mkwe hakusema? Hapo mimi siwezi kumsemea marehemu, ila nimekutana na familia nyingi za namna hii na sababu zinafanana. Watoto wa wakomunisti walikua miaka ya 50 wakijua kwamba simu inasikilizwa, kwamba baba anaweza kukosa kazi, kwamba shuleni usiseme gazeti gani linaingia nyumbani. Mtu akishazoea kufunga mdomo akiwa na miaka minane hafungui akiwa na themanini.

Kuhusu faili la serikali, jibu la kweli ni kwamba pengine lilikuwepo, na pengine hamtaliona kamwe. Shirika la usalama wa ndani, MI5, lilikifuatilia chama hiki tangu mwanzo. Walifungua barua za watu, wakazipiga picha au kuzinakili kwa mashine ya chapa, wakazifunga tena na kuzirudisha posta. Walipandikiza watu ofisini, kwa mfano Olga Gray alifanya kazi ya ukatibu muhtasi kwa wakomunisti miaka ya 30 na baadaye ndiye aliyemtolea Glading ushahidi mahakamani. Mwaka 1955 waliingia kwenye nyumba moja ya Mayfair walikofichwa orodha za wanachama wakanakili makumi ya maelfu ya kumbukumbu. Kwa hiyo jina la babu kuandikwa mahali fulani ni jambo la kawaida kabisa, wala halimaanishi alifanya kosa.

Mafaili yaliyofunguliwa kwa umma yapo The National Archives pale Kew, London, yale ya watu binafsi yako kwenye kundi linaloitwa KV 2. MI5 huwa wanatoa yale yaliyopita kama miaka 50 na wanachagua wenyewe watoe lipi. Sheria ya kuomba taarifa za serikali haiwagusi, mkiandika kudai mtajibiwa kwa adabu na hamtapewa kitu. Eric Hobsbawm, mwanahistoria mkubwa tu, aliomba kuona faili lake akiwa mzee akakataliwa, akafa 2012, halafu 2014 likafunguliwa kwa sisi wengine wote kulisoma. Ya watu wadogo mengi yaliharibiwa zamani. Tafuteni jina kwenye katalogi yao ya mtandaoni, ni bure, dakika tano, msipokuta kitu msihuzunike.

Lakini hapo kuna jambo linalonichekesha na kuniumiza kwa pamoja. Kuna barua ambazo mwandishi alizichoma, aliyeandikiwa alizichoma, na leo tunazisoma kwa sababu askari aliyezichungulia alikaa na nakala. Faili la Ivor Montagu, mtoto wa bwana mkubwa aliyekuwa mkomunisti na pia rais wa kwanza wa shirikisho la dunia la mpira wa mezani, limejaa barua za pingpong, na watu wazima wenye mishahara walikaa wakazisoma wakijiuliza kama kuna fumbo ndani yake. Na mjue kwamba huyo Montagu kweli alikuwa anapeleka habari kwa Warusi, ila kwa njia nyingine.

Nataka ulishike hili maana ndilo moyo wa jibu langu. Mwanaharakati wa kikomunisti wa Uingereza aliandikwa mara tatu. Aliandikwa na polisi, na wao waliona hatari kila mahali. Aliandikwa na chama chake, maana chama kilipenda karatasi kuliko ofisi ya ardhi, kilitaka mwanachama wa kuaminika aandike historia ya maisha yake, baba alifanya kazi gani, ulijiunga lini, umesoma vitabu gani, una ndugu polisi, na wale waliopelekwa Moscow kusoma kwenye shule ya Lenin miaka ya 1926 hadi 1938 waliacha mafaili huko huko ambayo yapo mpaka leo kwenye hifadhi ya Moscow. Mtu akiandika vile anajitengeneza, anakuwa mfanyakazi safi asiye na mashaka. Ya tatu ni ile aliyojiandikia na kujihifadhia mwenyewe, na hiyo ndo iko kwenye maboksi yenu. Faili la polisi tunalo kwa mamia, la chama tunalo, hii ya tatu ya mtu wa kawaida ndo adimu kwa sababu kila mwaka nyumba inauzwa mahali na wifi wa mtu anaita gari la takataka.

Naomba wifi asichukie, sijamsema yeye.

Turudi kwenye vitu vyako. Ile kadi ya 1956. Nimeiona picha yake kichwani kabla hujamaliza sentensi, vile visanduku vidogo vya miezi, stempu za rangi moja zimebanana kuanzia Januari, halafu Novemba na Desemba weupe mtupu. Mwaka huo ulikuwa mbaya sana kwa watu hawa. Februari Khrushchev, kiongozi wa Urusi, alisoma hotuba ya siri akafichua mauaji na uongo wa enzi za Stalin, hotuba ikavuja na kufika magazetini katikati ya mwaka. Julai wanahistoria wawili wanachama, John Saville na E. P. Thompson, wakaanza kutoa jarida lao dogo la kuhoji ndani ya chama, wakaamriwa waache. Halafu mwisho wa Oktoba watu wa Budapest, mji mkuu wa Hungary, wakaamka, na Novemba 4 vifaru vya Urusi vikarudi kuwaponda. Mwandishi wa Daily Worker aliyekuwa kule, Peter Fryer, alituma habari za alichokiona na gazeti lake mwenyewe likazikata na kuzikalia. Maelfu waliondoka kwenye chama ndani ya miezi michache, wengine kwa barua ndefu yenye machozi, wengine kwa kuacha tu kulipa ada.

Kwa hiyo ni rahisi kusema babu aliondoka kwa ajili ya Hungary, na inawezekana sana. Lakini usiandike hivyo kwenye karatasi bado. Visanduku vitupu vinaweza kumaanisha mweka hazina wa tawi ndiye aliyeondoka, na hakuna aliyebaki wa kubandika stempu. Au kadi ya 1957 ilikuwepo ikapotea. Angalia magazeti, tarehe ya mwisho ni lini? Angalia vijitabu vya baada ya hapo, angalia barua za yule mwanamke kuanzia Novemba 1956, maana kama walikuwa wapenzi na wote ni wa chama basi hilo ndilo walilokuwa wanalizungumza usiku na mchana. Nimeona watu waliotoka 1956 wakaendelea kununua Daily Worker hadi kufa, ni kama mtu aliyeachana na mke lakini kila Jumapili anapita kuangalia kama bomba linavuja.

Kurasa zilizokatwa za 1939, hapo napo kuna kisa. Vita vilipotangazwa Septemba chama kilisema tunaunga mkono vita dhidi ya Hitler, na katibu mkuu Harry Pollitt, fundi wa boila kutoka Droylsden, huko huko kwenu karibu na Manchester, akaandika kijitabu cha kueleza namna ya kushinda vita hivyo. Wiki chache tu mbele likaja agizo kutoka Moscow kwamba hapana, hivi ni vita vya mabeberu pande zote mbili, kwa sababu Stalin alikuwa ameshasaini mkataba na Hitler mwezi Agosti. Tarehe 2 na 3 Oktoba kamati kuu ikakaa, wakavutana, Pollitt na J. R. Campbell wakapinga, wakashindwa, na Pollitt akaondolewa kwenye ukatibu mkuu mpaka Hitler alipoivamia Urusi Juni 1941 ndo akarudishwa. Sasa fikiria katibu wa tawi mdogo kaskazini. Septemba anaandika kwenye mihtasari "tawi limeazimia kuunga mkono vita", Oktoba inabidi aandike kinyume chake kwa mkono ule ule, na pengine na majina ya waliobisha. Nani alichukua wembe na lini, hilo daftari lenyewe halitasema. Inaweza kuwa babu kwa aibu, inaweza kuwa kwa usalama, kwa sababu hawa watu walikuwa na sababu ya kuogopa karatasi. Mwaka 1925 polisi walivamia ofisi za chama wakabeba nyaraka, viongozi 12 wakafungwa kwa sheria ya uchochezi ya 1797, na mwaka uliofuata serikali ikachapisha baadhi ya hizo nyaraka kama kitabu ili nchi nzima isome barua zao. Baada ya hapo mwanachama mwenye akili alijua kila anachoandika kinaweza kusomwa na hakimu.

Na cha ajabu, ule mjadala wa kamati kuu wa Oktoba 1939 uliandikwa neno kwa neno, ukakaa Moscow nusu karne na ukachapishwa Uingereza 1990. Kwa hiyo walichobishana wakubwa London tunakijua kwa urefu, na walichobishana wadogo kwenye tawi lenu kimekatwa. Ndiyo maana pengo lenyewe lina thamani. Usilizibe, usibandike selotepu, usikate vile vijikipande vilivyobaki kwenye mshono hata kama vinachungulia vibaya. Kuna wakati ncha ya herufi iliyobaki pale inatosha kujua mwandiko ni wa nani.

Sasa vipeperushi vya Kenya, vilivyokugusa wewe. Una haki ya kuguswa. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, Kenyatta na wenzake watano wakapelekwa Kapenguria na kuhukumiwa Aprili 1953, na huku Uingereza waliokuwa wakipiga kelele mapema kuhusu kambi na kunyang'anywa ardhi walikuwa watu wa mrengo wa kushoto, wakomunisti wakiwemo, kupitia Kenya Committee ya London na matawi kama hilo la babu. Wakili aliyewatetea Kapenguria, D. N. Pritt, watu wengi humwita mkomunisti. Alikuwa rafiki mkubwa wa Urusi, alifukuzwa chama cha Labour 1940, lakini mwanachama wa chama cha kikomunisti hakuwa. Nalitaja kwa sababu mtakutana na majina mengi kwenye hizo barua na jaribu la kumpachika kila mtu kadi ni kubwa, MI5 wenyewe walikuwa na ugonjwa huo. Hata Kenyatta walimfungulia faili kipindi anaishi London, kwa kuwa miaka ya mwanzo aliandika kwenye magazeti ya kikomunisti na alifika Moscow mara mbili, 1929 na tena 1932 akasoma huko. Hilo faili nalo liko Kew, ukipata nafasi nenda kalisome, utacheka sehemu nyingine na nyingine utafunga kwa hasira.

Kwa nini karatasi za darini zihusu historia ya Kenya? Kwa sababu serikali ya kikoloni ilipokuwa inaondoka ilichoma nyingi za kwake, na nyingine ikazisafirisha kimya kimya Uingereza zikafichwa hadi 2011, zilipotoka kwa ajili ya kesi ya wazee wa Mau Mau. Kesi hiyo iliisha 2013 kwa Waingereza kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Sasa kipeperushi kilichochapwa ni kimoja kati ya maelfu, hicho si cha kukukosesha usingizi. Ila tazama ndani yake na nyuma yake. Je, kuna barua iliyotoka Nairobi, kuna jina la mfanyakazi wa reli, kuna orodha ya watu waliochangia shilingi kwenye mkutano, kuna mihtasari ya siku tawi lilipojadili Kenya na nani alisema haimhusu? Hivyo vikiwepo hiyo ndo dhahabu yenyewe, maana inaonyesha mafundi wa kaskazini mwa Uingereza walijua nini na walijua lini.

Nirudi kwenye lile la kutopanga. Nikiwa mgeni kazini, mahali sitapataja, nilipewa boksi la mwanaharakati mmoja nilisafishe. Nikatoa klipu zenye kutu, nikatoa tiketi ya tramu iliyokuwa katikati ya kijitabu nikaiweka kwenye bahasha ya "vitu vidogo vidogo", nikapanga barua kwa tarehe, nikajiona hodari kweli. Bosi wangu alikuja akaniuliza taratibu, tiketi ilikuwa ukurasa wa ngapi? Sikujua. Barua hii ilibanwa na ipi? Sikujua. Yule mzee alikuwa ameweka barua pamoja na risiti pamoja na kipande cha gazeti kwa sababu kichwani mwake yalikuwa jambo moja, na mimi kwa dakika ishirini nimelivunja na halirudi. Mpaka leo naiona ile tiketi, ya rangi ya waridi iliyopauka, kona moja imetobolewa.

Kwa hiyo chukua simu, piga picha kila boksi kabla ya kugusa, juu, katikati, chini. Lipe namba kwa penseli, si kalamu. Bahasha usitupe, muhuri wa posta ndo unataja tarehe ambayo mwandishi hakuandika. Stepla na klipu acha na kutu yake. Yatoe darini tu, maana dari la Uingereza ni oveni kiangazi na friji kipupwe, yaweke chumbani mbali na ukuta wa nje na mbali na hita.

Halafu wapi. Bahati yenu mnaishi karibu na sehemu mbili bora nchini kwa kazi hii. Kumbukumbu kuu za chama chenyewe zilihamia Manchester baada ya 1991 na ziko People's History Museum, humo mna karatasi za akina Pollitt na Montagu pia. Na pale Salford kuna Working Class Movement Library, iliyoanzishwa na mke na mume, Ruth na Eddie Frow, wote wanachama, waliokuwa wakinunua vitabu na karatasi tangu miaka ya 50 mpaka nyumba yao ya Old Trafford ikajaa kuanzia sebuleni hadi ngazi, 1987 ndo vikahamishiwa Salford. Hapo wana karatasi za Benny Rothman, kijana aliyeongoza watu kuvamia mlima Kinder Scout tarehe 24 Aprili 1932 kudai haki ya kutembea, akafungwa miezi minne. Mimi kwa katibu wa tawi na fundi wa kiwandani ningeanza Salford, roho yangu inanituma huko, lakini kama daftari la mihtasari ni la tawi rasmi basi waulizeni na Manchester kama wana madaftari mengine ya tawi hilo hilo, itakuwa dhambi kuyatenganisha. Kama angekuwa alipigana kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania miaka ya 30 ningewaambia Marx Memorial Library ya London, wao wana kumbukumbu za wale wapiganaji karibu 2,500 waliotoka visiwa hivi, ambao zaidi ya 500 hawakurudi. Hifadhi ya halmashauri yenu nayo si mbaya, ni karibu na watu wa mji wataikuta.

Kama umewaza kupeleka ya Kenya Nairobi, nakuelewa. Ushauri wangu, usiyang'oe kwenye boksi. Mkubaliane na hifadhi ya huku yapigwe skani na nakala ipelekwe chuo kikuu au hifadhi ya taifa kule. Kipeperushi kikitenganishwa na mihtasari ya siku kilipogawiwa kinabaki karatasi tu.

Hilo ndo jibu la kuuza pia. Beji na kadi mtandaoni mtapata hela ya kula hotelini familia mara moja, labda mbili. Mkihitaji kweli hela siwahukumu, mazishi ya Uingereza yana gharama. Ila beji kama zipo mbili za aina moja uzeni moja mpeni wifi aridhike, kadi msiziguse, zikiwa mfululizo ni ushahidi na ikitoka moja mnyororo umekatika.

Barua za yule mwanamke. Dada, usichome, na usizisome kwa sauti mezani. Hifadhi yoyote ya maana itazipokea zikiwa zimefungwa, mnakubaliana kwa maandishi kwamba hazisomwi na mtu kwa miaka kadhaa, mpaka waliotajwa na watoto wao wawe wameondoka. Ni jambo la kila siku, hakuna atakayewashangaa. Mjue pia karatasi ni zenu lakini maneno yake ni ya aliyeandika na warithi wake, haki hiyo huku kwa kawaida inadumu miaka 70 baada ya kifo chake, kwa hiyo kuyatoa mtandaoni hata mkitaka hamwezi hivi hivi. Na wanawake wa chama wamepotea sana kwenye historia hii, wanaume waliandika mihtasari na wao wakaandika barua. Inawezekana huyo mama ndiye aliyekuwa akili ya tawi, sasa tukimchoma kwa ajili ya heshima ya bibi tutakuwa tumemuua mara mbili.

Mkienda kuzungumza nao mtaulizwa kama ni zawadi au ni amana. Zawadi inakuwa yao moja kwa moja, amana inabaki yenu wanaitunza. Sehemu nyingi siku hizi wanapendelea zawadi kwa sababu wanatumia hela kuitunza, na mimi naona ni sawa, ila soma karatasi kabla ya kusaini na hakikisheni anayesaini ndiye mwenye haki kwa mujibu wa wosia. Kama mume wako na dada yake hawajaelewana, wakili kwanza, hifadhi baadaye, maana hakuna hifadhi itakayopokea mali yenye ugomvi.

Kuna mambo matatu ambayo usisubiri wala usijaribu mwenyewe. Ukikuta ukungu mweusi au wa kijani wenye manyoya, funga boksi, vaa barakoa, mwite mtu wa hifadhi aje. Ukikuta filamu za zamani kwenye makopo, zenye harufu ya siki au zinazonata, usifungue karibu na moto wala hita, nyingine za zamani zinawaka kama petroli. Na ukikuta risasi au bomu la kumbukumbu ya vita, na huwa tunakuta kweli jamani, toka nje na upige simu polisi, hata kama babu asingependa.

Kwa mume wako aliyenyamaza, usimsukume. Mpe kitu kimoja tu kutoka boksini, picha kama ipo, babu amesimama na wenzake na bango, umwache nayo.

Ukipiga simu Salford au Manchester usianze na habari ya ujasusi wala Kapenguria. Waambie ni maboksi mangapi na ukiyapanga mstari yanachukua mita ngapi za shelfu, ni ya miaka gani, tawi gani, na kwamba hamjapanga kitu. Wakisikia hilo la mwisho watauliza waje lini.